Mwangwi wa Mambrui

Msafiri atokaye Garsen, penye Mto Tana, kwenda Malindi hupita Mambrui karibu na mwisho wa safari yake. Katika mji huo mdogo, mwaka wa 1940, wataalamu wa Afrika Kusini wakiongozwa na Basil Schonland walisimamisha mtambo wa rada. Italia ilikuwa imeingia vitani mwezi wa Juni, na ndege zake zilikuwa Somalia, upande wa kaskazini, ng'ambo ya Tana.

Rada hufanya kama mtu apigaye ukelele mbele ya jabali, kisha akangoja mwangwi. Hutuma wimbi la redio liendalo kilomita 300,000 kwa sekunde. Nalo hugonga ndege na kurudi. Ndege ikiwa kilomita 90 mbali, mwendo wa kwenda na kurudi ni kilomita 180, nao huchukua sehemu 6 tu za sekunde iliyogawanywa mara 10,000. Kwa kuupima muda huo, umbali hujulikana.

Lakini mtambo ule ulionyesha umbali na upande tu. Kimo cha ndege haukukipima. Rubani wa ulinzi aliweza kuambiwa aelekee wapi, asiambiwe apande kiasi gani.

Siku hizi rada ya waongozaji wa ndege huuliza. Ndani ya ndege mna chombo kipimacho uzito wa hewa, ambao hupungua kadiri ndege ipandavyo; chombo kingine huipokea sauti ya rada na kuijibu kwa kutaja kimo. Basi umbali rada huupima yenyewe, bali kimo huambiwa. Njia hiyo isingefaa Mambrui, maana adui hajibu maswali.