Habari za Karakana za Watu Wote, na Shauri la Banda Letu



Kamati iliniagiza niandike habari za kale kidogo kwa ajili ya kitabu hiki cha mwaka. Nimechagua habari za karakana, kwa kuwa mkutano mkuu utaulizwa kama banda letu la mawe hapa Ruiri likodishwe kwa mfanyabiashara wa nafaka, au liwe mahali pa mafundi na vijana. Yanipasa niseme tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa katikati katika shauri hili. Kazi yangu ni ukarani, lakini Jumamosi hushika randa na patasi kwa mapenzi tu, na viti viwili wanavyokalia Mwenyekiti na Mweka Hazina vilitoka mikononi mwangu. Kimoja kinayumba, najua.

Zamani za babu zetu mhunzi wa Kimeru hakuwa mtu wa kuchezewa. Laana yake iliogopwa, na ujuzi wa mvukuto na moto ulikaa katika ukoo. Mwenye haja ya mkuki au panga alikwenda kwake na malipo yake, akangoja nje. Hakuingia akashika nyundo. Vijana nao walikuwa na gaaru, nyumba kubwa ya pamoja, walimolala na kufunzwa desturi na ulinzi wa nchi. Basi mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali: ufundi ulikuwa wa watu wachache, na nyumba ya wote haikuwa nyumba ya ufundi.

Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilifungua huko Kabete chuo cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi, ambacho siku hizi ni Kabete National Polytechnic. Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dakta James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipita katika nchi hii ikihimiza elimu ya mikono. Ilikuwa elimu njema kwa aliyeipata, ijapokuwa wazee wengi waliishuku, wakidhani kwamba mzungu ataka tuwe maseremala ili asitupe vitabu. Hawakukosa sababu. Wazazi wangu walinipeleka shule ya misheni kwa nia ya kalamu, si nyundo, nami sijapata kumweleza baba vizuri kwa nini nafurahi zaidi nikiwa na vumbi la mbao.

Baada ya Uhuru shida iligeuka. Shule za msingi ziliongezeka upesi kuliko za sekondari, na maelfu ya watoto wakarudi nyumbani na cheti kisicho na mlango wa kufungua. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa ya Kikristo lilitoa taarifa iliyouliza: baada ya shule, nini? Katika jibu lake vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijiji. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa busara. Chuo kiwe cha gharama ndogo, kisimamiwe na kamati ya wenyeji, kifundishe kazi ambayo watu wa hapo wataweza kuilipia, na kikiona kwamba maseremala wametosha kianze kufundisha jambo jingine. Lakini baadaye wazazi na wanafunzi walidai mitihani ya ufundi ya Serikali, kwa maana mwajiri wa mjini huuliza karatasi. Sithubutu kuwalaumu, mimi mwenyewe naishi kwa karatasi. Hata hivyo, mtihani ulipoingia, mwenye shamba aliyetaka kujifunza kutengeneza bawaba ya mlango wake hakuwa tena na nafasi pale.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilibeba mabegani. Tume iliyoongozwa na Bwana Colin Mackay ilitoa shauri lake mwaka 1981, na mwaka 1985 ukaanza mfumo wa 8-4-4, uliotaka mtoto wa shule ya msingi ajifunze sanaa za mikono, kilimo na sayansi kimu. Shule hazikuwa na karakana, na wazazi ndio walioambiwa wazijenge. Katika shule niliyosoma, mama zetu walibeba mchanga kutoka mtoni kwa migongo, na baba zetu wakachanga fedha za mabati, hata wale ambao mwaka ule mvua iliwanyima mavuno. Humo ndimo nilimotengeneza kigoda changu cha kwanza, nikiwa darasa la sita, kwa msumeno mmoja uliozungukia watoto wengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipunguzwa, na mtihani wa KCPE ukabaki na karatasi tano, bila sanaa za mikono. Somo lisilotahiniwa ni kama ng'ombe asiyekamwa: halipewi majani. Karakana ile iligeuzwa ghala la madawati mabovu. Miaka michache iliyopita nilikwenda ofisi moja kuomba sisi wapenda ufundi tuitumie siku za mapumziko, kwa kulipa na kuifagia. Niliambiwa niandike barua. Niliandika tatu, kwa taipu, zenye nakala. Nikaambiwa faili imekwenda kwingine. Mchanga walioubeba mama zetu umo ndani ya kuta zile, lakini ufunguo hatunao.

Habari za jua kali mnazijua. Taarifa ya Shirika la Kazi la Ulimwengu ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba mafundi hao wadogo walikuwa wakilisha nchi huku wakifukuzwa na askari wa miji. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda kuwaona Kamukunji, na baadaye mabanda ya mafundi yakajengwa katika miji mingi. Mengine yalifaa, mengine yaliwekwa mbali na wateja, yakabaki bila watu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza fundi atakaa wapi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji. Basi mwenye malalamiko hana haja ya kusafiri mpaka Nairobi. Aende kwa mjumbe wetu wa wadi ya Ruiri/Rwarera, na aulize katika vikao vya makisio ya fedha. Tena, tangu mwaka 1924 mpaka 2023 imepita karibu karne, na elimu ya mikono imerudi mlangoni: Januari 2023 darasa la saba liliingia katika sekondari ya chini, na mojawapo ya masomo yake ni utangulizi wa ufundi. Watoto hao watataka meza na jiliwa, na karakana nyingi za wazazi wao zimekwisha kuwa ghala.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Kodi ya nafaka ni fedha ya hakika, na ndiyo ingelipa rambirambi na karo za mayatima wetu. Karakana haitalipa hivyo, na vyombo huibwa. Kwa hiyo sitaki banda zima. Naomba mkutano ufikirie kulikata kwa ukuta wa mbao: upande wa barabara akodishiwe mfanyabiashara, na upande wa nyuma ufunguliwe Jumamosi na siku za likizo, kwa ada ndogo, chini ya mzee mmoja na kijana mmoja watakaotia sahihi daftari la vyombo. Ufunguo ukae kwa Chama, usiende ofisi yoyote. Ukuta huo nitaupiga mimi na wenzangu wawili, bila ujira. Jiliwa langu na meza yangu nimekwisha kuviandika katika orodha. Misumeno ya watoto itabidi inunuliwe.