Kadi Isiyokiri Makosa

Nilipoacha chuo, pesa zilizobaki nilinunua kadi ya grafiki ya mitumba pale Luthuli Avenue: RX 580, gigabaiti 8. Ndiyo inayonilisha. Mchana naandika makala za watu, usiku nahariri video za harusi. Ikifa, narudi kwa mama. Kwa hivyo nilipoanza kusukuma kumbukumbu yake kupita megahezi 2000 za kiwandani, nilipanda 20 baada ya 20, macho kwenye skrini.

Nilikuwa nangoja madoa. Waliochezea kadi za zamani watakwambia: ukizidisha, rangi zinachafuka na pembetatu zinachomoka hadi angani. Nilifika 2180 bila doa hata moja. Nikajipongeza, kisha nikafungua daftari. Sehemu ileile ya gemu ilinipa fremu 70 nikiwa 2100. Kwa 2180, fremu 64. Nimeongeza mwendo, nimechelewa kufika!

Jibu la hili linaanzia mwaka 1947, Bell Labs, Marekani. Richard Hamming alikuwa akipata mashine ya kukokotoa ya rilei wikendi tu. Siku za kazi, mashine ikigundua kosa, wahudumu walikuwepo kuirekebisha. Wikendi hapakuwa na mtu, basi iliitupa kazi yake na kurukia inayofuata. Wikendi mbili mfululizo jamaa akarudi akakuta patupu. Akakasirika: kama mashine inajua kuna kosa, mbona isijue liko wapi ilisahihishe yenyewe? Mwaka 1950 akachapisha namna ya kufanya hivyo.

Mwaka 1961 W. Wesley Peterson akaeleza njia rahisi zaidi, CRC: usisahihishe, gundua tu, halafu omba utumiwe tena. Kadi za grafiki hazikujali mambo haya kwa miaka mingi. Nukta moja mbovu kwenye picha, nani atalia?

Ila kasi ilipanda. Juni 2008 ikaja Radeon HD 4870, ya kwanza yenye GDDR5, ikipitisha gigabaiti 115 kwa sekunde. Yangu, kwa njia yenye upana uleule wa biti 256, hupitisha 256. Kwa mwendo huo waya wenyewe hauaminiki, kwa hivyo GDDR5 iliwekewa CRC: data isipolingana na alama yake, inatumwa upya, kimyakimya. Wewe huoni doa. Unapoteza muda tu.

Hapo ndipo fremu zangu sita zilipoenda. Na ulinzi huo ni wa njiani pekee. Biti ikiharibikia ndani ya chipu, CRC haiioni, na video ya mteja imeharibika. Kutoona madoa, basi, hakukuwa kumenithibitishia chochote.

Nikaanza upya, safari hii nikisoma daftari badala ya skrini. Fremu ziliacha kupanda 2120. Nikashuka hadi 2080, nikafungua programu inayohesabu makosa ya kumbukumbu, nikaiacha kadi ikichapa kazi saa tatu nzima mchana wa Januari, bati likiwaka juu yangu. Makosa: 0. Faida: fremu mbili. Jioni nikarudi kwa bibi harusi wa Kitengela, ambaye alikuwa amepiga simu mara nne.