Kwa mkupuo

Mkesha wa mwaka mpya Dodoma, husemwa fataki "zimewashwa kwa wakati mmoja". Wakati upi? Kuwasha ni kwa utambi, kufyatua ni kuirusha fataki, kulipuka ni kule angani. Hatua tatu, kila moja na wakati wake. Tambi mbili (si za kula) za urefu sawa huweza kupishana, na fataki kubwa, inayopaa juu zaidi, hutengenezwa ichelewe kupasuka. Ndiyo maana mafundi hutumia viwashio vya umeme, wakianza na inayochelewa. Atasema mtu: mtazamaji yamhusu nini? Yamhusu, maana hata mwanga na mlio havimfikii pamoja: aliye umbali wa kilomita 1 husikia takriban sekunde 3 baada ya kuona. "Mkupuo" basi ningeutengea mlipuko, si kiberiti.