Mafuta ya Turkana: zaidi ya miaka 13 ya kuambiwa "subirini kidogo"

Nilikuwa darasa la tatu mwalimu wetu alipoingia darasani akitabasamu kama mtu ameongezwa mshahara. Ilikuwa Machi 27, 2012. Siku iliyotangulia, Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangazia nchi kuwa mafuta yamepatikana Turkana. Mwalimu akatuambia tukimaliza shule Kenya itakuwa kama Dubai. Tulipiga makofi hadi mikono ikauma.

Sasa nimemaliza shule. Dubai bado iko Dubai.

Juzi niliona watu wakibishana mtandaoni kuhusu kampuni mpya iliyonunua visima vya Turkana, na nikagundua wengi wetu tunajua tu mwanzo wa hii stori. Kwa hivyo wacha nikupitishe pole pole, juu ukijua ilivyoenda utajua maswali ya kuuliza sasa.

Kwanza, mafuta hayakutafutwa kuanzia 2012. Makampuni ya kigeni yalianza kutafuta Kenya miaka ya 1950. Mnamo 1992 Shell walichimba kisima kinaitwa Loperot-1, huko huko Turkana, wakapata dalili za mafuta. Lakini dalili si biashara, wakaondoka. Miaka 20 baadaye Tullow Oil ya Uingereza, wakishirikiana na Africa Oil ya Kanada, wakachimba Ngamia-1 kwenye bonde la Lokichar. Hapo ndipo tukapiga makofi. Vikafuata visima vingine: Twiga, Amosing, Etuko, Ekales.

Lakini fikiria hiyo Turkana yenyewe. Wakati wa mkoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Baada ya uhuru, ile sera maarufu ya 1965, Sessional Paper namba 10, ikasema pesa za maendeleo ziwekwe mahali ambapo zitazaa haraka. Yaani penye mvua, reli na mashamba. Kwa lugha ya mtaa: aliyenacho aongezewe. Turkana ikabaki na barabara mbovu na maji ya kutembelea kilomita kadhaa. Halafu siku moja serikali inakumbuka njia ya kwenda huko, na inakuja na mitambo ya kuchimba.

Ndio maana sikushangaa niliposoma kuhusu Oktoba 2013. Wakazi wa Lokichar waliandamana wakitaka kazi na kandarasi, Tullow ikasimamisha shughuli kwa karibu wiki mbili. Huku Nairobi watu wakasema "hawa wanatuharibia". Wanatuharibia nini, bana? Mtu analisha mbuzi mahali fulani tangu babu yake, asubuhi anakuta ua na askari mlangoni. Wewe ungekaa kimya?

Kisha bei ikaanguka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 110. Kufika Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Hapo Turkana ikaonyesha ugumu wake. Mafuta yake yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hivyo bomba lake lazima lipashwe joto. Na kutoka Lokichar hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 800. Mpango ulikuwa tushirikiane bomba na Uganda, lakini Aprili 2016 Uganda ikachagua kupitisha mafuta yake Tanzania hadi Tanga. Tukabaki na mafuta bila njia.

Serikali ikasema sawa, tutabeba kwa malori. Hii sehemu niliiona na macho yangu, juu nimelelewa Kitale. Juni 3, 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua safari za kwanza, na tukawa tunasimama kando ya barabara kuhesabu malori yenye matangi yakielekea Eldoret, kisha Mombasa. Mwezi huo huo haujaisha, wakazi wakafunga barabara. Walichotaka kilikuwa rahisi kuelewa: usalama. Majangili wanaua watu na kuiba mifugo, na polisi wanaonekana tu lori la mafuta likipita. Malori yalirudi barabarani Agosti.

Agosti 2019 tukauza mzigo wa kwanza: mapipa 200,000, dola milioni 12. Yaani dola 60 kwa pipa. Meli ikang'oa nanga Mombasa, picha zikapigwa. Unajua kwa nini tuliuza yakiwa ghafi? Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kusafisha 2013. Mafuta ya Turkana yalitumia matangi yake kama stoo tu.

Sasa njoo kwenye pesa. Bunge lilikuwa limepitisha jamii ya eneo ipate asilimia 10. Mnamo 2016 Uhuru alikataa kutia sahihi, akitaka ishuke hadi 5. Viongozi wa Turkana wakapinga, mwishowe wakakubali 2018. Sheria ya Petroli ya 2019 ikaandika hivi: serikali kuu 75, kaunti 20, jamii 5.

Watu wengi wanadhani hiyo ni 5 kwa kila 100 ya mauzo. Hapana. Kampuni kwanza inajirudishia gharama zake. Kinachobaki kinagawanywa kati ya kampuni na serikali. Ile 5 inatoka kwa fungu la serikali pekee. Tufanye mfano wa kubuni: mafuta yameuzwa shilingi 100, gharama zimekula 60, imebaki 40, serikali imepata nusu yake, 20. Asilimia 5 ya 20 ni shilingi moja. Bob moja! Ndio maana swali kubwa si asilimia. Swali ni nani anakagua zile gharama.

Na gharama zina historia ndefu. Mei 2023 Total na Africa Oil walijitoa, Tullow ikabaki peke yake. Mwaka 2025 Tullow nayo ikauza kila kitu kwa Gulf Energy ya hapa nyumbani, kwa angalau dola milioni 120. Sasa tunaambiwa mafuta yataanza kutoka mwisho wa 2026.

Wengine wanafurahi kwamba mwenye kampuni sasa ni Mkenya. Mimi pia nafurahi kidogo. Lakini mbuzi wa Lokichar hajui pasipoti ya mwenye ua. Kama mkataba unafichwa, gharama hazikaguliwi na mama bado anachota maji mbali, rangi ya bendera kwenye lori haibadilishi kitu.

Kosa letu 2012 halikuwa kufurahi. Kosa lilikuwa kufurahi halafu kuacha kuuliza, tukawaachia watu wa Lokichar peke yao kazi ya kuuliza, na walipouliza kwa kufunga barabara tukawaita wakorofi.

Safari hii nikisikia tangazo, sitapiga makofi kwanza. Nitauliza gharama ni ngapi, na nani amezihesabu. Na wewe je, ulikuwa wapi 2012, na waliwaahidi nini?