Kuandikiwa na Kusomewa: Tarehe ya Ukarani Mpaka Madale

Mwenye kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, akaipita Mwenge na Tegeta, kisha akashika mkono wa kushoto kwa upande wa kilima cha Wazo, ambako tangu mwaka 1966 kiwanda cha saruji kimekuwa kikichimba mawe yake, hufika Madale, mahali ambapo baina ya miembe na mikorosho iliyosalia ya mashamba ya zamani zimesimama nyumba mpya, nyingine zimekwisha kupakwa rangi na kuzungushiwa ukuta, nyingine zingali kuta tupu na nondo zilizochomoza juu, zikimngojea mwenyewe apate fedha ya bati. Penye watu wanaojenga pana karatasi nyingi: mauziano ya kiwanja, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ombi la kuvutiwa umeme, ombi la maji, barua ya kazi, fomu ya mkopo wa mwanafunzi. Ndiyo maana baina ya duka la vifaa vya ujenzi na genge la mboga haikosekani stesheneri, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta iliyokula miaka, rundo la karatasi, na kijana mmoja ambaye kazi yake halisi, ukiitazama kwa makini, ni kuandika kwa niaba ya watu.

Siku hizi kijana huyo amepata msaidizi. Mteja akisha kueleza haja yake, yeye huandika mistari miwili mitatu katika simu, na kabla mteja hajakaa vizuri, akili mnemba imekwisha kutoa barua nzima, yenye adabu, aya zake zimepangika, na maneno mazito ambayo yamkini mteja mwenyewe asingeyasema. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote mwishoni mwa Novemba 2022, na nyingine za jinsi hiyo zikaifuata, jambo hili limeenea kwa haraka mno, hata wako wanaosema halina mfano katika maisha yetu. Mimi naona lina nasaba ndefu. Chombo ni kipya, ama kazi ni ile ile ya ukarani, na kazi hiyo katika pwani yetu ina tarehe yake na adabu zake, ambazo zafaa kukumbukwa leo kuliko wakati mwingine wowote.

Katika hifadhi za nyaraka za Goa, nchini India, zimetunzwa barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyosalia. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1892, Mjerumani Carl Büttner alichapisha kwao mkusanyo wa barua na hati za Waswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo hizo, na mwenye kuzisoma huona jinsi utaratibu ulivyokuwa umekwisha kukaa imara: kwanza sifa za mwandikiwa na salamu, kisha ama baadu, yaani na baada ya hayo, kisha ndipo haja yenyewe inapotajwa, iwe ni deni, ni mzigo, au ni habari ya jamaa aliye mbali. Utaratibu huo ulimsaidia mwandishi kama vile akili mnemba inavyomsaidia kijana wa stesheneri, kwa kuwa kichwa na mkia wa barua vilikuwa tayari, na kilichobaki kutafutwa ni kiini chake, ambacho hakuna awezaye kukitoa isipokuwa mwenye haja.

Mwisho wa barabara ile ile inayopita Tegeta ndipo alipotoka Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na ambaye maelezo yake juu ya mila za watu wa pwani ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la mkusanyaji wake, Carl Velten. Kwa miaka mingi watu walikitaja kitabu hicho kwa jina la Velten, na mwenye maarifa akasahauliwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu hatari ya namna hiyo imerudi: maneno hutoka kwa mtu, hupita katika mkono wa mwingine, na yanapochapishwa mwenyewe hajulikani tena.

Wajerumani walipouhamisha mji mkuu wa koloni lao kutoka Bagamoyo kuuleta Dar es Salaam mwaka 1891, na mara baada ya hapo wakafungua shule ya serikali Tanga ili kupata makarani na waalimu, walifanya jambo ambalo watu hawalipimi ipasavyo. Walichagua Kiswahili kiwe lugha ya kazi za serikali, na hilo liliifaa lugha. Walakini waliiandika kwa herufi za Kilatini, na kwa hivyo mzee aliyehitimu chuoni, aliyeandika na kusoma kwa hati za Kiarabu tangu utoto wake, alijikuta mbele ya dawati la bomani ni kama mtu asiyejua kusoma kabisa. Elimu yake ilikuwa ile ile, ila chombo kilikuwa kimebadilishwa. Akawa hana budi kumtafuta kijana wa Tanga amwandikie. Nikiwaona Madale wazee waliosomea chini ya miti na kupata vyeti vya haki, wakisimama mbele ya kijana wa stesheneri na kumwomba awaingizie maombi yao katika mtandao wa serikali, huona ni hali ile ile imejirudia, na sioni haya kusema kwamba inaniuma.

Enzi ya Waingereza ilimwongezea karani heshima na kazi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosimamia tahajia na vitabu, na ambayo kamusi zake za mwaka 1939 zilimpa kila karani kipimo kimoja cha kuandikia. Haifai kumdharau karani: Shaaban Robert, ambaye hana mwenzake katika uandishi wetu wa karne iliyopita, aliingia kazini mwaka 1926 kuwa karani wa forodha Pangani, na akadumu katika ukarani wa serikali takriban umri wake wote wa kazi.

Katika kazi hiyo ilikuwapo adabu moja ambayo ndiyo roho ya makala haya. Mtu asiyejua kusoma, alipokwisha kuandikiwa, alisomewa. Karani aliirudia karatasi kwa sauti, neno kwa neno, na mwenye maneno alisikiliza, akasema hapa sivyo nilivyosema, hapa umenizidishia, hapa umenipunguzia. Na karatasi ilipokuwa imekubaliwa ndipo alipotia dole gumba. Adabu hii iliingia hata katika sheria za nchi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yataka maelezo yanayoandikwa na polisi aonyeshwe mwenyewe, na kama hajui kusoma asomewe, kabla hajatia sahihi. Almuradi, kuandikiwa bila ya kusomewa kulihesabiwa ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ilikuwa na hatari kuliko kutoandikiwa kabisa.

Baada ya uhuru serikali ilijitahidi kumpunguza karani wa kukodi kwa kumfundisha mwananchi mwenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu, kisha wakijadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Utaratibu wa vikundi vile ulikuwa na hekima: sauti ya redio haikuachwa iwe neno la mwisho, bali ilikuwa ni mwanzo wa mazungumzo ya watu wanaojuana, wenye kujua kisima chao ki wapi na mbu wao hutoka wapi.

Kompyuta, kwa upande wake, ilikuja mapema ikakataliwa. Wizara ya Fedha ilipata ya kwanza mwaka 1965, lakini baada ya mashaka katika hesabu za serikali likatolewa agizo mwaka 1974 la kuzuia kuingizwa kwa mashine hizo nchini, na kizuizi hicho kiliendelea kwa miaka mingi, ilhali mpiga taipu akitawala ofisini na barazani. Yaliyofuata yalikwenda mbio: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi ya Jambo, ambayo amri zake zote zilikuwa kwa Kiswahili, na mwaka 2009 waya wa chini ya bahari wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, mtandao ukawa wa haraka na simu zikauchukua mpaka Madale.

Nawajibika sasa kueleza kwa uwazi chombo hiki kipya hufanya nini, maana ukarani wake haufanani na wa mtu. Akili mnemba imelishwa maandishi mengi mno, aghalabu ya Kiingereza, ikajifunza ni neno gani huelekea kufuata neno gani. Nayo inapojibu hubashiri, tena hubashiri kwa ufasaha, na ufasaha wake haupungui hata pale inapokosea. Kiswahili kilichomo ndani yake ni kidogo kwa kulinganisha, kwa hivyo mara nyingine ngeli huvurugika, na mara nyingine mambo ya nchi nyingine huvishwa kanzu yakaletwa kwetu kana kwamba ni ya hapa. Karani wa kale akiwa hajui, aliuliza. Huyu usipomwamuru aulize, hujaza pengo mwenyewe. Basi anayetaka barua ya kazi iliyo yake na aanze kwa kuiambia mashine kwa urefu: nimesoma wapi, nimefanya kazi gani na kwa muda gani, kazi ninayoiomba ni ipi, kisha aiagize imuulize maswali kabla ya kuandika, na isiongeze sifa ambayo hakuitaja. Barua za namna hii hutoka fupi, na mwenyewe akiitwa kwenye usaili huweza kuzitetea.

Kwa wanafunzi faida ni kubwa zaidi, na hapa sina budi kutulia. Mtoto wa Madale aliyefundishwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba katika shule ya serikali, aingiapo kidato cha kwanza hukuta fizikia, kemia na jiografia zimehamia Kiingereza, naye hubaki akikariri sentensi asizozielewa. Mtoto huyo akipiga picha aya moja ya kitabu chake na kuiomba mashine imweleze kwa Kiswahili chepesi, kwa mfano wa saruji inayopozwa kwa maji au wa mwendo wa bodaboda mteremkoni, mlango uliokuwa umefungwa hufunguka. Walakini asiishie hapo. Na aifunge simu, aandike kwa Kiingereza chake alichokielewa, ndipo aifungue tena na kuomba asahihishwe. Kisha aombe maswali matano, ayajibu, na majibu ayapime kwa kitabu na kwa mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani, si kwa mashine yenyewe. Kadhalika mtu mzima anayesoma kwa mbali, kama wale wa Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, aweza kuiomba imfupishie mada ndefu, mradi asinukuu kitabu ambacho hakukiona kwa macho yake, maana mashine hii hutaja vitabu ambavyo havikuandikwa na mtu yeyote. Mwenye duka naye huweza kuisomea mauzo ya siku ikampangia daftari, lakini jumla aihakikishe kwa kikokotoo.

Jambo la siri karani mwema alikufa nalo. Mashine za mbali hazikula kiapo cha kutunza siri, basi namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya siri ya benki na habari za maradhi ya mtu hazina haja ya kuandikwa humo. Anayemwandikia mteja aweke nafasi tupu, azijaze baadaye kwa mkono wake. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwenye stesheneri anayeshika karatasi za watu yafaa aijue.

Lakini pahali ambapo adabu ya kusomewa haina badala, hapo Madale, ni mauziano ya viwanja. Niliwahi kuwapo mkataba wa namna hiyo ulipoandaliwa kwa akili mnemba. Ulikuwa mzuri kwa sura, nao ulisema mnunuzi anakuwa mmiliki kamili wa ardhi hiyo milele. Nchi hii iliifuta milki ya aina hiyo tangu mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imeweka wazi kwamba ardhi yote ni ya umma, mikononi mwa Rais akiwa mdhamini, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia, aghalabu kwa miaka 33, 66 au 99 pale inapopimwa na kutolewa hati. Mama aliyekuwa akinunua alitaka kutia sahihi apate kuwahi daladala. Kijana wa stesheneri, nami namsifu kwa hilo, alikataa kuichapa nakala ya pili mpaka asome yote kwa sauti mbele ya muuzaji, mnunuzi na majirani waliokuja kushuhudia. Kifungu cha milele kikaondolewa, wakakubaliana kwamba karatasi ionwe pia na wakili kabla ya fedha kulipwa. Walipofika kwenye mipaka, mashine ilikuwa imeandika kwamba upande wa magharibi kiwanja kinapakana na barabara. Jirani mmoja mzee akanyanyua mkono: magharibi hakuna barabara, kuna korongo la maji ya mvua, na kila masika hula hatua kadhaa za ardhi upande huu. Muuzaji akakiri. Bei ikajadiliwa upya, vipimo vikachukuliwa tena kwa kamba kutoka kwenye mwembe, na mkataba ukaandikwa kwa maneno ya yule mzee.