Wimbo wa Nchi Mpya: Kutoka London 1727 Hadi Juba 2011

Tarehe 9 Julai 2011, kwenye uwanja lilipo kaburi la John Garang, kiongozi wa mapambano ya ukombozi, mjini Juba, bendera ya Sudan ilishushwa na ya Sudan Kusini ikapandishwa. Ukaimbwa pia wimbo mpya. Kwa miaka 55 wimbo rasmi wa watu wa kusini ulikuwa wa Sudan, wa Kiarabu, "Nahnu Jund Allah, Jund Al-watan". Sasa walikuwa na wao, "South Sudan Oyee!", uliotungwa humo humo mjini na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba, Mido Samuel akiwa miongoni mwao.

Kutunga kwa agizo la dola ni kazi ya zamani. Miongoni mwa waliojulikana kwayo ni George Frideric Handel, mmoja wa vinara wa muziki wa Baroko. Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, mwaka mmoja na mtunzi mwenzake Bach. Baba yake, kinyozi aliyekuwa pia mpasuaji, alitaka mwanawe asome sheria. Kijana akashika kinanda, akaenda Hamburg, kisha Italia. Mwaka 1710 mtawala wa Hanover akamwajiri, lakini Handel akafika London na mji ukamkolea.

Mwaka 1714 yule mwajiri wa Hanover akawa mfalme wa Uingereza, George wa Kwanza. Julai 17, 1717, wanamuziki wapatao 50 walipiga muziki wa Handel kwenye mashua, mfalme akisafiri katika mto Thames. Aliupenda hata akaagiza urudiwe.

Februari 1727 Handel akapata uraia wa Uingereza. Mfalme alipofariki mwaka huo, ni yeye aliyepewa kazi ya nyimbo za kumtawazia George wa Pili. Mmojawapo, "Zadok the Priest", umejengwa juu ya kisa cha Biblia cha kutawazwa kwa Sulemani. Violini zinaanza taratibu, zinapanda ngazi kwa ngazi, na kwaya ingali kimya. Msikilizaji anangoja, anangoja tena. Kisha kwaya inafunguka kwa sauti saba kwa mara moja, pamoja na tarumbeta na ngoma. Tangu hapo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyetawazwa bila wimbo huo, hata Charles wa Tatu mwezi Mei 2023.

Handel alifariki mwaka 1759 akiacha mali ya karibu pauni 20,000, akazikwa Westminster Abbey. Jina na fedha vyote alivipata.

Watunzi wa nyimbo za mataifa ya Afrika hawakubahatika hivyo. Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao Tanzania iliufanya wake, alifariki mwaka 1905, kabla nchi yoyote huru haijauimba. Kenya mwaka 1963 ilichukua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na jopo la wanamuziki likayatengeneza. Uganda ilikuwa na George Kakoma, mtunzi wa wimbo wake wa mwaka 1962. Miaka mingi baadaye alikwenda mahakamani kudai haki zake za mtunzi.

Juba ilifuata njia ya mashindano. Kamati iliundwa, maneno yakaandikwa, na vikundi vikaalikwa kuyatilia muziki. Rasimu ya mwanzo iliita nchi Kush, jina la ufalme wa kale wa bonde la Nile lililomo pia katika Biblia, ikajivunia mashujaa na ustaarabu wa zamani. Hatimaye Kush likaondoka, kwa kuwa nchi yenyewe ilichagua kuitwa Sudan Kusini. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Juba kikashinda.

Ushindi huo una uzito wake. Chuo hicho kiliundwa mwaka 1975, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan vilikihamishia Khartoum, mji mkuu wa Sudan, kwa miaka mingi, hadi mkataba wa amani wa 2005 ulipokiruhusu kurudi nyumbani. Waliokuwa wamezoea kusomea ugenini wakawa ndio walioipa nchi sauti yake.

Wimbo unamwomba Mungu kwanza, kisha unawataka watu wasimame kimya kuwaheshimu waliokufa vitani. Lakini jina lake limebeba lile neno "oyee". Halikutoka kwenye kitabu cha muziki. Lilitoka mikutanoni na kambini: mmoja anapaza sauti kutaja chama au nchi, ngumi juu, na umati unajibu "Oyee!" kwa pumzi moja. Hata asiyejua kusoma noti, hata asiyejua Kiingereza ambacho kwacho wimbo umeandikwa, anajua kulijibu neno hilo.

Handel aliiandikia kwaya ya kanisa la kifalme iliyozoea kuimba kwa noti. Watunzi wa Juba waliwaandikia watu ambao kwaya yao ilikuwa uwanjani, juani, na ambao jibu lao walikuwa wakilitoa miaka yote ya vita. Mwaka 2016 Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, "oyee" hiyo ilikuta ndugu zake: katika mikutano ya hadhara ya Kenya na Uganda umati unajibu vivyo hivyo, kwa neno lile lile.