Mji uliostaafishwa siku moja: wazee wa Kilembe na baraza la Bwera



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo tunapenda kuzungumza juu ya kustaafu. Wanafunzi wetu watasema hayo ni mambo ya babu zao. Ni kweli, lakini babu hao tunaishi nao nyumba moja, na sisi tunaosomesha tumekwisha kuvuka miaka 40, kwa hiyo mlango ule tunauona kwa mbali. Isitoshe, hapa Kasese kustaafu kuna historia yake.

Mji wetu umekuzwa na shaba. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950. Reli kutoka Kampala ikafika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo uzalishaji ukaanza. Shaba ilikuwa ikipelekwa kwa treni mpaka Jinja kuyeyushwa, kwa nguvu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Watu wakamiminika kutafuta kazi: Wakonzo wa milimani, watu wa makabila mengine ya Uganda, na wengine wa nchi jirani. Kampuni ikawa ndiyo baba na mama. Nyumba ni ya kampuni, hospitali ni ya kampuni, na saa ya kulala na ya kuamka hupangwa na zamu za kampuni.

Kisha yakaja matatizo ya miaka ya 1970. Uchumi wa nchi ukaporomoka, Wakanada waliokuwa wakiendesha mgodi wakaondoka, vipuri vikawa havipatikani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Mtumishi wa serikali leo hustaafu akiwa na miaka 60, huagwa kwa hotuba, na hungoja kiinua mgongo chake. Lakini hawa wa Kilembe, wengine walikuwa na miaka 35 tu, wenye nguvu zao, na kazi ikawaacha kabla wao hawajaiacha.

Walioweka akiba nao walipata msukosuko. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake ikakatwa kodi ya asilimia 30. Aliyekuwa amedunduliza shilingi 100,000 akajikuta na 700. Tunalitaja hili kwa sababu vijana wetu hudhani mzee asiye na kitu alikuwa mvivu.

Tunaye mzee mmoja katika jamaa yetu ya Bwera ambaye jina lake tutaliacha, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Aliingia mgodini akiwa kijana wa miaka 20, akawa fundi wa pampu za kuvuta maji kule chini. Mgodi uliposimama, baadhi ya wenzake walibaki kwenye nyumba za kampuni wakisema utafunguliwa tu. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tano. Yeye akateremka Bwera kwa wajomba zake, akapata kazi ya ufundi kwenye kinu cha kukoboa kahawa, akaifanya mpaka nguvu zikapungua. Anasema kwa miaka mingi alikuwa akishtuka usingizini saa ya zamu na kutafuta viatu.

Siku moja tulimwuliza juu ya marafiki zake wa mgodini, kwa maana tulidhani watu waliofanya kazi pamoja gizani chini ya mlima hawawezi kusahauliana. Akacheka. Akasema, "Mwalimu, urafiki ule ulikuwa unaitwa na kengele. Kengele iliponyamaza, tukajua nani rafiki na nani mwenzi wa kazi." Katika zamu nzima alibaki na mmoja tu, Mkristo, Mkonzo wa hukuhuku Bwera.

Wawili hawa walikuwa na kibaraza chao mbele ya duka la fundi cherehani. Mtu akipita ataona wazee wawili na redio, basi. Lakini mwezi wa Novemba 1996 waasi wa ADF walipovuka mpaka na kushambulia Mpondwe, watu wakakimbia ovyo. Kwa kuwa miongoni mwa waasi wale walikuwamo waliojinasibisha na dini yetu, macho yakatugeukia. Jirani wa jana akawa hajibu salamu. Mzee wetu anasimulia kwamba wakati huo yule rafiki yake alifika mlangoni mchana kweupe, ili kila mtu amwone, akamchukua yeye, mkewe na watoto wakalala kwake mpaka hali ilipotulia. Hakuna aliyewasumbua. Sisi tunaosomesha watoto habari za haki ya jirani, kisa hiki tumekitumia darasani zaidi ya mara moja.

Sasa tuseme la aibu yetu. Mzee huyu alipoacha kazi ya kinu, karibu mwaka 2005, alikuja madrasa akasema anataka kujifunza kusoma Qur'ani kwa herufi zake. Sala alikuwa akisali, sura fupi anazijua kwa kusikia, lakini alifu na be hakuzijua. Sisi tulikuwa vijana, hatukujua tumweke wapi. Tukamwambia aje siku nyingine. Akaja siku nyingine, tukamwambia vilevile. Mara ya tatu hakuuliza. Aliketi mkekani na watoto wa miaka 7, akafungua juzuu. Watoto walicheka siku mbili, ya tatu wakawa wanagombania kumwonyesha.

Lau tungekumbuka tuliyosomeshwa tusingemrudisha. Al-Qaffal al-Marwazi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alikuwa fundi wa makufuli, na alianza kutafuta elimu akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Na Suratul-Inshirah inamwelekeza anayemaliza shughuli ashike juhudi nyingine, siyo alale. Haya tunayahubiri kila mwaka. Kuyaona mkekani ni jambo jingine.

Alihitimu juzuu kwa miaka miwili. Katikati ya masomo aliona bomba za udhu zinavuja, akauliza nani fundi. Hakuwapo. Tangu hapo ndiye yeye. Hata marundo ya mabaki ya Kilembe yalipata kazi tena: kuanzia mwaka 1999 yalisafishwa kutolewa kobalti.

Tusiwasahau mama zetu. Mkewe mzee huyu, tulipomwuliza yeye atastaafu lini, alituuliza kwanza nani atapika. Hatukuwa na jibu.

Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulipoingia kutoka Kongo, na wagonjwa wakaletwa hospitali ya Bwera, tuliambiwa tusishikane mikono. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya korona, misikiti ilifungwa mwezi Machi, ikafunguliwa Septemba. Kwa kijana ilikuwa miezi michache. Kwa mzee ambaye msikiti na kibaraza ndiyo dunia yake yote, tulimwona akisinyaa. Simu ya kubonyeza ndiyo iliyomwokoa. Rafiki yake alimpigia kila jioni baada ya taarifa ya habari, wakabishana juu ya habari zilezile walizosikiliza wote wawili.

Umri wake sasa uko kwenye 80. Kila Alhamisi baada ya Alasiri huwasikiliza watoto wa darasa la kwanza kusoma herufi, na ni mkali kuliko sisi. Rafiki yake humngoja nje kwenye benchi na redio yake, na tukichelewa kufunga darasa hugonga dirisha.